Maswali na Majibu ya Mafundi: Vijiti na Vitufe vya Kabati la Gemu Nyumbani

Safari hii ukurasa tumewapa wasomaji wanaojenga au kufufua kabati la gemu za zamani, zile za kusimama mbele ya skrini ukiwa na kijiti mkono wa kushoto na vitufe mkono wa kulia. Barua tumezifupisha.

Habari za kazi. Seremala wangu yuko tayari kunitengenezea kabati la watu wawili. Ndani nitaweka kompyuta yenye MAME, programu ya kuchezea gemu za zamani. Vijana nyumbani wanataka Street Fighter II, mimi nataka Pac-Man. Mtandaoni naona seti kamili za bei nafuu, halafu naona kijiti kimoja kinauzwa karibu bei ya seti nzima. Ninunue nini, kiasi gani, na seremala nimwambie atoboe matundu ya ukubwa gani? — Msomaji, Dar es Salaam

Kwanza mzuie seremala. Asitoboe hata tundu moja kabla vifaa havijafika mkononi mwako, kwa sababu tundu hufuata kitufe, na likishapanuka halirudi.

Vitufe viko vya aina mbili kubwa. Vya Kijapani, mfano OBSF-30 vya kampuni ya Sanwa, huingia kwenye tundu la milimita 30. Wadogo zao wa kuanzishia mchezo, OBSF-24, hutaka milimita 24. Swichi yake imo ndani ya kitufe chenyewe, na ukikigusa tu kinaitika. Vya Kimarekani, mtindo wa kampuni ya Happ, hutaka tundu la milimita 28 hivi. Vina shingo ndefu yenye nyuzi na nati, swichi yake hupachikwa kwa chini, na husukumwa kwa kina zaidi hadi usikie mlio. Kwa Street Fighter II, yenye vitufe sita kwa kila mchezaji, sisi tunachagua vya Kijapani bila kusita, kwani kidole hupita haraka na hakichoki.

Sasa hizo seti nafuu. Nyingi huiga vipimo vya Kijapani vya milimita 30. Maana yake unaweza kuanza na vitufe vya seti, na mwakani ukapachika vya Sanwa katika matundu yaleyale. Kijiti ndicho usichokifanyia ubahili. Kitufe duni kinabadilishwa kwa dakika mbili, lakini kijiti kinacholegea katikati kinaharibu kila mchezo utakaoucheza. JLF-TP-8YT ya Sanwa ni chaguo la kuaminika. Huja na bamba la mraba chini yake linalokizuia kijiti kisipite kiasi, na ukipenda mkono uhisi pembe nane utanunua bamba lake liitwalo GT-Y.

Kwa Pac-Man kuna jambo ambalo wengi huligundua wakiwa wamechelewa. Gemu hiyo ya 1980 ilitengenezwa kwa kijiti cha njia nne, sawa na Donkey Kong ya 1981. Kijiti cha njia nane kikilala pembeni hufunga swichi mbili kwa pamoja, mfano juu na kulia. Gemu ya njia nne hupokea amri mbili na haina jinsi ya kutii zote, ndiyo maana Pac-Man anakwama kwenye kona wakati wewe una hakika umekata vizuri. Dawa nzuri kuliko zote ni kijiti cha tatu, cha njia nne, kikae katikati kwa juu. Hakihitaji nafasi mpya kwenye bodi inayounganisha vifaa na kompyuta: nyaya zake nne zifunge palepale zilipo nyaya nne za kijiti cha mchezaji wa kwanza, na waya wa tano kwenye waya wa pamoja, yaani ule mmoja unaopita kwenye vijiti na vitufe vyote. Swichi hizi kazi yake ni kugusanisha tu, kwa hiyo mbili zinaweza kutumia njia moja bila ugomvi.

Hesabu ya vifaa, ukiacha kijiti cha katikati, ni hii. Vijiti viwili vya njia nane. Vitufe 12 vya mapigo, viwili vya kuanza, viwili vya sarafu: jumla 16, na agiza viwili vya akiba. Kila kitufe kina ncha mbili, hivyo klipu 32 za kuchomeka. Nunua 40, kwa sababu chache zitaharibika kwenye koleo. Angalia upana wa klipu kabla ya kulipa: vitufe vya Kijapani hutumia milimita 2.8, swichi za Kimarekani milimita 4.8, na hazibadilishani. Waya laini wa nyuzi nyingi wa takriban milimita za mraba 0.35 hadi 0.5, mita 15, katika rangi mbili: nyeusi kwa waya wa pamoja na nyingine kwa vitufe. Waya mgumu wa uzi mmoja, ule wa kebo za intaneti, usitumie. Hukatika kwa mtikisiko, tena hukatika ndani ya ganda usipoona.

Kuhusu ubao: klipu za plastiki za OBSF-30 zimeundwa kushika bamba jembamba, si plaiwudi ya milimita 18. Ukipachika JLF chini ya mbao nene kiasi hicho, shingo yake inabaki fupi na mpira unakaribia kugusa ubao. Unaweza kuchimba mbao kwa chini hadi ibaki milimita 5 au 6 mahali pa kijiti na vitufe, kazi inayotaka mashine ya kuchimbia na mkono mtulivu. Njia tunayoipendelea kwa msomaji wa Dar es Salaam ni nyingine: peleka mchoro Gerezani, mafundi wa chuma wakukatie bamba la chuma la milimita 2, kisha seremala afanye fremu ya mbao ya kulibeba. Klipu zitashika kama zilivyokusudiwa. Ila chuma hicho kitakuwa ndani ya kabati lenye umeme wa ukutani, kwa hiyo lazima kifungwe kwa boliti kwenye waya wa erthi wa umeme huo, ule wa kijani wenye mstari wa manjano. Huo ni tofauti kabisa na waya mweusi wa pamoja wa vitufe. Usiviunganishe.

Vipimo vya kumpa fundi: kati ya kitufe na kitufe, kitovu hadi kitovu, milimita 36. Chini ya 35 usishuke, maana ukingo wa kitufe wenyewe una milimita 33 hivi. Kutoka kitovu cha kijiti hadi kitufe cha kwanza, sentimita 6 hadi 7. Kutoka kijiti hadi kijiti, angalau sentimita 40, la sivyo viwiko vitagongana. Tundu la shingo ya kijiti, milimita 24. Kile kisahani cheusi cha vumbi kitalifunika. Kutoka sakafuni hadi bamba, sentimita 90 hadi 100 kwa mtu mzima anayesimama, na chini ya bamba acha sentimita 8 wazi. Kabla ya kukata chuma, chora yote kwenye boksi la kadibodi, toboa, pachika vifaa, usimame ucheze hewani dakika kumi. Kifundo cha mkono kitakuambia kama safu ya vitufe imekaa chini mno.

Mwisho, bodi ya kuunganisha na kompyuta. Kwa kabati la watu wawili la MAME tunapendekeza bodi moja inayojitambulisha kama kibodi, mfano I-PAC 2 ya Ultimarc ya Uingereza, yenye nafasi 32. Inakuja tayari na herufi ambazo MAME inazitarajia: mishale kwa mchezaji wa kwanza, R, F, D na G kwa wa pili, 1 na 2 za kuanza, 5 na 6 za sarafu. Ukitumia Windows, nenda kazime kipengele cha vitufe nata (Sticky Keys), maana kitufe cha nne cha mchezaji wa kwanza ni Shift ya kushoto, na Shift ikibonyezwa mara tano mfululizo Windows inafungua dirisha katikati ya pambano.

Nimefunga kila kitu, vitufe vya Kimarekani na bodi ya skrubu. Kitufe kimoja kinafanya kazi kinyume: gemu inaona kimebonyezwa muda wote, nikikibonyeza kinaachia. Halafu vitufe vitano vya upande wa kulia vimekufa kabisa. Bodi ni mbovu? — Msomaji, Mombasa

Bodi usiiguse, ni nzima. Una makosa mawili ya waya.

Geuza hicho kitufe cha kwanza utazame swichi yake. Ina ncha tatu zilizochorwa COM, NO na NC. COM ni ya pamoja. NO haijaungana na COM mpaka ubonyeze. NC imeungana tayari, na kubonyeza ndiko kunaikata. Wewe umechomeka kwenye NC. Hamishia klipu kwenye NO, basi.

Vitano vilivyokufa pamoja, tena vimekaa jirani, ni dalili ya waya wa pamoja kukatika. Waya huo hutoka kwenye bodi, unaingia kitufe cha kwanza, kutoka hapo cha pili, na kuendelea hivyo kama ushanga. Uzi ukikatika mahali pamoja, kila kilicho mbele hufa. Tafuta kitufe cha mwisho kinachofanya kazi na cha kwanza kilichokufa. Tatizo liko kati ya hivyo viwili. Chomoa USB, weka mita ya umeme kwenye mlio, ncha moja igusishe skrubu ya pamoja ya bodi na nyingine COM ya kila kitufe, ukisonga mmoja mmoja. Mlio unapokoma ndipo ulipo ugonjwa. Mara nyingi utakuta klipu imebana ganda la plastiki badala ya shaba. Vuta kila waya kidogo kwa vidole. Uliobanwa vizuri hautoki.

Ukishamaliza, funga mnyororo wako uwe duara: toa waya kwenye kitufe cha mwisho uurudishe kwenye skrubu ya pamoja. Hapo hata ukikatika mahali pamoja, vitufe vyote vitaendelea kupata njia kutoka upande wa pili.

Kwa kuwa uko Mombasa, neno moja zaidi. Hewa ya chumvi hushambulia miguso ya swichi na klipu za chuma cha kawaida. Dalili yake ni kubonyeza mara moja gemu ikahesabu mara mbili, au kitufe kuhitaji kukandamizwa kwa nguvu. Tumia klipu zilizopakwa bati na skrubu zisizoshika kutu, na MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, iache kabisa: kingo za matundu hunyonya unyevu zikavimba, kitufe kikakwama humo. Plaiwudi nzuri itobolewe kwanza, kisha kingo za ndani za kila tundu zipakwe vanishi na kupigwa msasa, ukijaribu kitufe kila baada ya mkono mmoja wa vanishi.

Kijiti changu nikisukuma juu, mhusika anaenda kushoto. Nimebadilisha kijiti, bado. — Msomaji, Kisumu

Umekifunga kikiwa kimezungushwa robo. Fungua skrubu nne, kizungushe mpaka juu iwe juu. Kama nafasi haikuruhusu, hamisha nyaya kwenye bodi. Na kama ni kijiti chenye swichi nne tofauti, kumbuka kwamba kinayumba kama mchi kwenye kinu: kichwa kikienda mbele, mguu unarudi nyuma. Kwa hiyo swichi iliyo karibu na tumbo lako ndiyo ya “juu”, na ya kulia ndiyo ya “kushoto”.

Nina bodi mbili za USB za aina ya Zero Delay, moja kwa kila mchezaji. Leo mchezaji wa kwanza ni wa kushoto, kesho kompyuta ikiwashwa anakuwa wa kulia. Nifanyeje? — Msomaji, Arusha

Bodi zako ni mapacha. Zote mbili hujitambulisha kwa kompyuta kwa jina lilelile na namba zilezile, hivyo anayewahi kuonekana ndiye anayekuwa wa kwanza. Anza na lililo rahisi: chomeka kila moja moja kwa moja kwenye kompyuta bila kigawanyio cha USB, weka alama kwenye tundu lake, na usihamishe tena. Kama bado zinabadilishana, MAME ina kipengele cha mapdevice kwenye faili la vidhibiti, kinachofunga kifaa fulani kwa mchezaji fulani. Ukichoka na yote hayo, nunua bodi moja ya watu wawili ya aina ya kibodi, na tatizo linakwisha kwa sababu herufi R haiwezi kujigeuza kuwa mshale.

Nina kibodi kuukuu. Naweza kuchukua bodi yake ya ndani nikalehemu vitufe, nisinunue chochote? — Msomaji, Kigoma

Kwa gemu ya mtu mmoja yenye kitufe kimoja au viwili, itakubali. Zaidi ya hapo itakuangusha. Ndani ya kibodi hakuna waya wa pamoja. Kuna safu na mistari inayokatizana, na kila herufi ni pale safu moja inapokutana na mstari mmoja. Ukibonyeza herufi tatu zilizo kwenye kona tatu za mstatili, umeme unazunguka na kuonyesha ya nne ambayo hukuigusa. Watengenezaji wanajua hilo, kwa hiyo bodi nyingi hukataa kabisa ile ya tatu. Wachezaji wawili wakipigana, mara mmoja anaruka, mara haruki. Tena kila kitufe kitahitaji nyaya mbili za peke yake. Pesa ya risasi ya kulehemu na muda wako iweke kwenye bodi ndogo ya Raspberry Pi Pico, tunayoieleza hapa chini.

Nimenunua Raspberry Pi Pico nikaweka GP2040-CE, programu inayoigeuza kuwa bodi ya vijiti na vitufe. Kompyuta inaiona, lakini kijiti kinafanya mambo ya ajabu na baadhi ya vitufe havijibu. Nimefuata namba zote. — Msomaji, Nairobi

Tuna shaka umefuata namba za pini, wakati mchoro unataja namba za GP, yaani majina ya njia za Pico za kupokea vitufe. Hizi ni hesabu mbili tofauti kwenye bodi moja. GP2 iko kwenye pini ya 4. GP3 ni pini ya 5, GP4 ya 6, GP5 ya 7. Pini ya 8 ni ya pamoja, kisha GP6 iko pini ya 9. Ukihesabu pini toka kona ukadhani ya pili ndiyo GP2, kila kitu kinasogea, na baadhi ya vitufe ncha zote mbili umezifunga kwenye waya wa pamoja, haviwezi kuitika.

Mpangilio wa kawaida wa GP2040-CE ni juu GP2, chini GP3, kulia GP4, kushoto GP5. Vitufe vya kwanza viwili ni GP6 na GP7; safu inaendelea hadi GP13, na viwili vya kuchagua na kuanza ni GP16 na GP17. Nyuma ya Pico namba za GP zimeandikwa kwa maandishi madogo, tumia hizo. Kama mpangilio wako wa nyaya umeshalehemiwa na hutaki kufumua, shikilia kitufe cha kuanza huku ukichomeka USB, fungua kivinjari, andika 192.168.7.1, ubadilishe kazi ya kila GP humo humo. Bila shaka hicho cha kuanza lazima kiwe kwenye GP17 sahihi kwanza. Kama hakipo, gusisha kwa muda GP17 na pini ya pamoja kwa kipande cha waya.

Jihadhari na kitu kimoja: njia za GP ni za volti 3.3. Kitufe kiunganishe GP na pamoja tu. Volti 5 za USB zikigusa GP, Pico imekwenda.

Nimenunua vitufe vya taa. Taa zinawaka hafifu, karibu hazionekani. — Msomaji, Dodoma

Ulinunua taa za volti 12 ukazipa 5 za USB. Badilisha taa ziwe za volti 5, zinachomoka bila kubadili kitufe. Zisizowaka kabisa zigeuze, upande chanya na hasi umepishana.

Salaam kutoka Maskati. Nimepata kabati la zamani kutoka ukumbi wa michezo uliofungwa. Nyaya zake ni za JAMMA, vijiti vizima, skrini ya kioo kinene inawaka. Nataka kuweka kompyuta bila kung'oa nyaya. Inawezekana? — Msomaji, Oman

Inawezekana, na tunafurahi hutaki kuzing'oa. JAMMA ni kanuni ya chama cha Wajapani watengeneza mashine za michezo, ya 1985: soketi moja ya ncha 56, 28 kila upande, inayobeba umeme, picha, sauti, sarafu, vijiti na vitufe. Bodi iitwayo J-PAC, ya haohao Ultimarc, inaingia kwenye soketi hiyo na upande wa pili inakwenda USB na tundu la picha la kompyuta.

Kabla ya kuchomeka, tafuta nafasi ya 7, inayoitwa H kwa upande wa pili. Pale panatakiwa pawe na kizuizi cha plastiki kinachofanya soketi isiingie kinyume. Kwenye makabati makuukuu mara nyingi kimepotea, na soketi ikigeuzwa umeme unaingia kusikotakiwa na bodi inaungua. Kama hakipo, weka alama kwa rangi upande wa bodi wenye vifaa, na upime kwa mita kwamba nafasi za 1 na 2 ndizo za pamoja na za 3 na 4 ndizo volti 5.

JAMMA ya asili ina vitufe vitatu kwa kila mchezaji. Street Fighter II yenyewe ya 1991 ililazimika kuja na waya wa nyongeza kwa mateke matatu. J-PAC ina skrubu pembeni kwa vitufe hivyo vya ziada. Vuta nyaya mpya kutoka kwenye bamba hadi hapo.

Skrini ndiyo yenye madhara. Inataka mawimbi ya mlalo ya kilohezi 15 hivi, kompyuta ya kawaida hutoa 31. J-PAC huzuia mawimbi yasiyofaa yasifike, lakini ili upate picha utahitaji GroovyMAME, toleo la MAME la skrini za aina hii, na kadi ya picha ya zamani ya Radeon yenye tundu la VGA. Sauti haipiti kwenye J-PAC, kwa hiyo weka amplifaya ndogo pembeni. Na nyuma ya kioo usipeleke mkono, hata umeme ukiwa umezimwa: pale kwenye kofia ya mpira hukaa zaidi ya volti 20,000, na chaji hubaki baada ya kuzima. Vijiti na vitufe vyote unaweza kuvifikia kwa kufungua bamba la mbele tu, na kazi uliyotuuliza haikutaki ufike nyuma ya kioo hicho.